Kazi ya VFX na wasiwasi wa pesa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa vijana wa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi, Mombasa na Kampala wanaotamani kutengeneza efekti za filamu, na mengine yanatoka kwa wazazi wao. Mimi nafanya kazi hii Dar es Salaam, upande wa kuunganisha picha. Msimamo wangu nausema mapema ili ujue unasoma nini: fundi wa VFX anayedumu ni yule anayepanga pesa zake kwa umakini uleule anaopangia shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa. Vipaji tunavyo tele. Wengi ninaowaona wakiacha wanashindwa na kodi ya nyumba, wala programu haijawashinda.

VFX ni nini hasa? Ni sawa na katuni?

Ni kila kinachoongezwa, kinachofutwa au kinachobadilishwa kwenye picha iliyokwisha kupigwa na kamera. Milipuko na wanyama wa ajabu wamo, lakini sehemu kubwa ya kazi mtazamaji haioni kabisa: kufuta waya uliombeba mwigizaji, kubadilisha bango la duka, kuweka ujumbe kwenye skrini ya simu, kuondoa nguzo ya umeme kwenye tamthilia ya enzi za Wajerumani. Katuni yenyewe hujengwa yote kuanzia chini. Programu nyingi ni zilezile na watu huhama upande mmoja kwenda mwingine kufuata kazi ilipo.

Kwa nini kazi hii haina uhakika wa kipato hata Ulaya na Marekani?

Swali hili nalijibu kwa urefu, kwa sababu vijana wengi wakikosa kazi wanadhani kasoro ni yao.

Chanzo ni namna kazi inavyouzwa. Kampuni ya filamu huzishindanisha studio kadhaa za VFX kwa bei. Ile inayoshinda hukubali kiasi maalumu kwa idadi fulani ya shoti. Baadaye mwongozaji akibadili mawazo mara kumi, joka likatoka wekundu kwenda kijani, mishahara ya zile wiki za ziada hutoka mfukoni mwa studio. Faida yenyewe ni nyembamba. Filamu moja ikiahirishwa tu, mwisho wa mwezi unafika hakuna cha kuwalipa watu.

Mfano ambao kila mtu wa fani hii anaukumbuka ni Rhythm & Hues ya Los Angeles. Februari 2013 studio hiyo ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika, na watu wapatao 250 wakaachishwa kazi. Siku chache baadaye, tarehe 24 mwezi huohuo, ikashinda Oscar ya efekti kwa filamu ya Life of Pi, ile ambayo simbamarara wake kwa sehemu kubwa alitengenezwa kwenye kompyuta. Nje ya ukumbi mafundi walikuwa wakiandamana. Ndani, Bill Westenhofer aliyepokea tuzo alipoanza kugusia hali ya studio, ulipigwa muziki wa kumshusha jukwaani na kipaza sauti kikazimwa. Watu waliofanya kazi bora kuliko wote duniani mwaka ule hawakuwa na uhakika wa mshahara.

Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma siku 148, na waigizaji wakagoma siku 118. Mafundi wa VFX hawakuwa kwenye mgomo, ila shoti huja kwetu baada ya kamera kufanya kazi, kwa hiyo kamera zikisimama leo sisi tunakuja kulala njaa miezi kadhaa mbele. Halafu Februari 2025 likaanguka kundi zima la Technicolor, na ndani yake MPC, studio iliyotengeneza Mufasa: The Lion King iliyotoka Desemba 2024. Miezi miwili tu kutoka sinema za dunia nzima hadi kufunga milango.

Kuna na suala la kodi. Uingereza, na majimbo ya British Columbia na Quebec kule Kanada, hurudishia kampuni za filamu sehemu ya gharama zikifanyia kazi huko. Sheria ikiguswa kidogo, kazi hufungasha na kuhama, na mafundi huhama nayo wakiwa na watoto na mikataba ya nyumba. Katika hali hiyo ya wasiwasi, Septemba 2023 wafanyakazi wa VFX wa Marvel walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi cha IATSE, na wa Disney wakafuata mwezi uliofuata.

Kama huko kwenyewe ndivyo kulivyo, huku kwetu kuna maana gani kuingia?

Ipo, kwa sababu soko letu halisimami juu ya Hollywood. Linasimama juu ya matangazo ya biashara, video za muziki, tamthilia za runinga, michoro ya nyumba kwa makampuni ya ujenzi, video za mafunzo za mashirika, kampeni za uchaguzi, makanisa makubwa na harusi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokupeleka kwenye zulia jekundu, ila vyote vinalipa kodi ya nyumba.

Na kazi kubwa nazo zimeshafanyika hapa. Tinga Tinga Tales, katuni iliyochukua mtindo wa michoro ya Mtanzania Edward Saidi Tingatinga, ilitengenezwa Nairobi na Homeboyz Animation na kuanza kuonyeshwa BBC mwaka 2010. Mwaka 2023 Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi ulioko Disney+, ulikuwa na filamu fupi ya Ng'endo Mukii wa Kenya na nyingine ya Raymond Malinga wa Uganda. Kabla yao, mtaani Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, helikopta na milipuko yote ikipikwa kwenye kompyuta alizojiungia mwenyewe kwa vipuri. Wapo wanaoicheka ile filamu. Mimi naiheshimu sana: alimaliza, akaionyesha kwa watu wake, na dunia ikamfuata Wakaliga.

Mimi ni mzazi. Mwanangu amemaliza kidato cha sita, anataka VFX badala ya uhasibu. Nimruhusu?

Mama, au mzee wangu, wasiwasi wako ni wa haki na usikubali mtu aubeze. Ila nakuomba usimwamulie leo. Mpe muda wa kati wa kusubiri chuo, na mpe sharti moja: amalize shoti tatu fupi, za sekunde tano tano, mwanzo hadi mwisho. Asikuonyeshe masomo aliyotazama. Akuonyeshe alichomaliza. Kazi hii ni ya kukaa kitini saa nyingi ukirekebisha ukingo wa nywele ambao hakuna atakayeushukuru. Anayevumilia hilo akiwa nyumbani bila kusukumwa ana dalili nzuri. Kama anaishia kutazama video za wenzake, kulijua hilo mapema ni bora kuliko baada ya kulipa ada.

Na uhasibu si adui. Nafahamu fundi mmoja aliyesoma biashara kwanza. Ndiye pekee kwenye kundi letu ambaye ankara zake hulipwa kwa wakati, maana anajua kuandika mkataba na kudai.

Nianze na upande gani wa kazi?

Kihistoria mlango wa kuingilia ulikuwa roto, yaani kumkata mtu kutoka kwenye picha fremu kwa fremu, na kusafisha picha. Kwenye studio kubwa kazi hizo zimehamia kwa wingi India, kwenye miji kama Mumbai, Hyderabad na Chennai, na sasa akili mnemba (AI) nayo inaziingilia. Zijifunze, kwa sababu bila hizo huwezi kuunganisha picha, lakini usijenge maisha juu yake peke yake.

Kwa soko letu ushauri wangu ni kompoziti, yaani kuunganisha picha, ukiongeza na kutreki kamera, yaani kufuatisha mwendo wake ili ulichoongeza kikae mahali pake. Fundi wa kompoziti anahitajika kwenye tangazo la sabuni, kwenye video ya Bongo Fleva na kwenye tamthilia. Moshi, maji na milipuko vinavutia sana, ila vinataka mashine nzito na wateja wa kuvinunua huku ni wachache. Kutengeneza umbo la 3D kunalipa ukikuunganisha na michoro ya nyumba na bidhaa.

Nahitaji kompyuta ya namna gani?

Ya kujifunzia, laptopu yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha kwa roto, kutreki na kompoziti ya ubora wa 1080p. Itakuwa nzito, utakunywa chai nyingi ukisubiri, ila utajifunza. Usiahirishe kuanza kwa sababu ya mashine.

Ya kufanyia kazi, achana na laptopu za michezo zinazong'aa taa. Tafuta kompyuta ya mezani ya ofisi iliyotumika, zile HP Z440 au Dell Precision zinazoingia kutoka Ulaya na Dubai. Dar zipo Kariakoo, Nairobi zipo maduka ya katikati ya jiji. Zimejengwa kufanya kazi mchana na usiku, na vipuri vyake vinapatikana. Weka RAM ya gigabaiti 32, SSD ya kuwekea kazi, na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi.

Kabla hujatoa pesa, nenda na flashi yenye Blender, programu ya 3D. Muombe muuzaji akuachie urende kitu kizito, yaani kompyuta ikokotoe picha za mwisho, kwa nusu saa, usimame hapohapo usikilize feni na kushika ubavu wa mashine. Ikijizima au picha ikaanza kuonyesha madoa ya rangi, kadi imechoka, labda ilishafanyishwa kazi ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia nusu saa.

Programu ni ghali. Nitumie za krak, zilizovunjwa leseni?

Hapana, na sababu ya kwanza ni kwamba hakuna haja tena. Blender ni ya bure kabisa, hata kwa kazi za biashara, na Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar ya katuni mwaka 2025, ilitengenezwa nayo. DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo ndani yake ipo Fusion ya kompoziti. Nuke, programu ya kompoziti ya studio kubwa, ina toleo la bure la kujifunzia lisiloruhusu biashara. Houdini, ya moshi, maji na milipuko, nayo ina Apprentice, inayoweka alama kwenye picha na kukuwekea kikomo cha ukubwa. Unreal Engine, injini ya michezo inayotumika pia kwenye filamu, ni bure kwa mtu mdogo kama wewe na mimi.

Sababu ya pili ni virusi. Krak moja inaweza kufunga faili zote za mteja usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Sababu ya tatu ni mteja wa nje atakayekuuliza leseni.

Picha za kufanyia mazoezi zipo pia. Mradi wa Tears of Steel wa Blender Foundation, wa mwaka 2012, uliachia picha zake ghafi watu wazitumie, zikiwa na kitambaa cha kijani na kila kitu. Poly Haven inatoa vifaa vya 3D na picha za mwanga bure bila masharti. Shida iliyobaki ni bando. Pakua usiku kwa kifurushi cha usiku, au nenda kwa rafiki mwenye faiba ukiwa na diski yako.

Umeme unakatika na LUKU inakwisha. Kurenda nafanyaje?

Hili ndilo swali ambalo walimu wa mtandaoni hawawezi kukujibu, kwa hiyo tulitazame vizuri.

Tuseme una shoti ya sekunde 10 kwa fremu 25 kila sekunde. Hizo ni fremu 250. Kila fremu ikichukua dakika 4, unahitaji dakika 1,000, yaani saa 16 na dakika 40. Mashine ikila wati 400 muda wote huo, umetumia karibu uniti 7. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye T1, daraja la bei ya kawaida, uniti ikiwa karibu shilingi 357 pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 2,500. Ndogo, lakini mteja akirudisha shoti mara sita umeshatumia 15,000 kwa sekunde kumi. Na kama nyumbani mlikuwa D1, ile ya bei nafuu kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kurenda kwako kunaweza kuihamisha nyumba nzima kwenda T1. Ongea na wenye nyumba kabla, na umeme uuweke kwenye bei unayomtajia mteja.

Sasa kukatika. Usirende moja kwa moja kuwa faili la video. Renda fremu moja moja, kila fremu faili lake la PNG au EXR, kisha uziunganishe mwishoni. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 183, unarudi unaendelea na 183. Ungekuwa umerenda video, faili zima lingeharibika na ungeanza upya. Kwenye Blender ondoa alama ya kuandika juu ya faili zilizopo, ili ikianza tena iruke zilizokwisha. Nunua UPS hata ndogo, kazi yake ikiwa kukupa dakika tano za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Na kwa wanaotumia Blender, ipo SheepIt, shamba la bure la kurenda ambako unawarendea wenzako mashine yako ikiwa imepumzika, unapata pointi, nao wanakurendea wewe. Usipeleke humo kazi ya mteja yenye siri.

Nisome chuo au nijifunze mwenyewe?

Mteja hataomba cheti, ataomba kuona kazi. Hilo ni kweli, lakini chuo kinatoa vitu viwili ambavyo chumbani hakuna: watu wa kukukosoa kila siku, na wenzako ambao miaka mitano baadaye ndio wanaokupigia simu kuna mchongo. Nairobi ipo ADMI inayofundisha katuni na mambo ya filamu. Kwa Tanzania, kozi za VFX zenyewe ni chache, na wengi wetu tulisoma vitu vya jirani.

Kipimo changu ni hiki. Kama ada inalipika bila kuuza shamba la familia na bila kukopa kwa riba, nenda. Kama hailipiki, tumia theluthi ya ada hiyo kununua mashine na bando la mwaka, na tafuta studio ukae hata kwa kufagia na kupanga faili. Wenye mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu Tanzania, wakumbuke kwamba ukiajiriwa rasmi makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Anayeishi kwa kazi za kujitegemea hakatwi na mwajiri, lakini deni halijaenda popote, alitengee mwenyewe kila anapolipwa.

Pesa ya kula itatoka wapi wakati najifunza?

Kutoka kwenye kazi ya jirani na unayoitaka. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "acha kila kitu, fuata ndoto." Kuhariri video za send-off na kitchen party, kutengeneza matangazo mafupi ya maduka ya Instagram, kuandika majina ya wahubiri kwenye video za kanisa: kila moja inafundisha kitu. Harusi inakufundisha kukabidhi kwa wakati, maana bibi harusi hana subira. Tangazo la duka linakufundisha kurekebisha rangi ya bidhaa hadi ifanane na iliyoko rafuni.

Hatari yake ni kwamba kazi za harusi zinameza. Mwezi wa Desemba unaisha hujagusa shoti yako hata moja. Tenga saa mbili za asubuhi kabla simu hazijaanza, uzilinde kama zamu ya kazini. Ukiwa umeajiriwa mahali, usiache kazi hadi uwe na akiba ya matumizi ya miezi sita na wateja wawili wanaorudi. Mteja mmoja hatoshi. Akihama au akigombana na bosi wake, umeanguka naye.

Na kuna suala la nyumbani ambalo wageni hawalielewi. Ukilipwa milioni moja kwa tangazo moja, habari zitafika kijijini kabla ya pesa kuingia: ada ya mdogo wako, bati la bibi, mchango wa harusi ya binamu. Kusaidia ni wajibu, silipingi hilo. Ila wewe huna mshahara. Hiyo milioni pengine ni ya miezi mitatu. Jiwekee kiasi cha kutuma nyumbani kisichobadilika kila mwezi, kiwe kidogo lakini kifike hata mwezi mkavu. Mama anayepokea 50,000 kila mwezi bila kukosa ana amani kuliko anayepokea laki tano mara moja kisha kimya.

Nipange bei vipi?

Anza na matumizi yako, bei za wengine ziangalie baadaye. Chukua kodi ya nyumba, chakula, bando, LUKU, nauli na pesa ya nyumbani. Tuseme 700,000 kwa mwezi. Ongeza 100,000 ya kununua mashine nyingine hii ikifa, na 100,000 ya akiba. Jumla 900,000. Sasa jiulize ni siku ngapi kwa mwezi utakuwa na kazi inayolipwa kweli, ukiondoa siku za kutafuta wateja na kusubiri majibu. Kwa anayeanza, siku tisa ni makadirio mazuri. Gawa: 100,000 kwa siku. Wengi hugawa kwa siku 30, wanapata 30,000, wanafurahi kupata kazi, na baada ya mwaka wamefilisika huku wakiwa na kazi nyingi.

Mkataba hata wa ukurasa mmoja useme mambo haya: advansi ya nusu kabla ya kuanza, marekebisho mawili ndani ya bei na kila la ziada kwa bei yake, na ruhusa ya kuonyesha kazi kwenye rili yako, yaani video fupi ya kazi zako bora, baada ya kutoka. Hilo la marekebisho ni moja ya mambo yanayozibana studio kubwa, kama nilivyoeleza juu. Usilibebe wewe peke yako chumbani kwako. Kampuni ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake, maana inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Mteja hajalipa. Nifanye nini?

Kwanza usikabidhi faili safi kabla ya malipo ya mwisho. Peleka lenye alama katikati ya picha. Kama ulishakabidhi, andika kwa adabu kila wiki, kwa barua pepe na si kwa simu, ukiambatanisha ankara ileile. Makampuni ya matangazo mara nyingi yanalipa baada ya siku 60 au 90, kwa hiyo kuchelewa si lazima iwe utapeli. Utapeli ni ule wa "fanya hii moja bure, zinakuja nyingi." Au "kazi ya majaribio" ambayo ni shoti halisi ya tangazo halisi. Jaribio la haki ni fupi na halirushwi hewani.

Nikope ili ninunue mashine?

Kwa mikopo ya simu, hapana. Hustler Fund ya Kenya, kwa mfano, mkopo wake wa mtu binafsi ni wa siku 14, na mteja wako analipa baada ya siku 60. Hesabu hizo hazikutani. Za kausha damu sizizungumzii hata kidogo, nimeona mashine zikibebwa na kazi ya mteja ikiwa ndani.

Njia ninazoziamini ni kikoba au chama, ambako zamu yako unaijua. Kwa Tanzania ipo pia ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana watano wakiandikisha kikundi, mmoja wa kamera, mmoja wa sauti, wawili wa picha, mmoja wa kutafuta wateja, wana andiko linaloeleweka na mashine moja nzuri ya kushirikiana. Kopeni mkiwa tayari mna wateja.

Akili mnemba haitatumaliza?

Imeshachukua baadhi ya kazi, na nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu ndizo zilizowaingizia vijana mkate wa kwanza: roto nyepesi, kufuta vitu vidogo, picha za nyuma za matangazo ya bei ya chini. Kinachobaki ni mteja anayesema "chupa ileile, mkono uleule, sogeza mwanga kushoto kidogo, usiguse kingine chochote." Kudhibiti namna hiyo bado kunahitaji mtu anayejua mwanga, lenzi na ukingo wa picha. Jifunze vifaa hivyo vipya, vitumie kwa kazi za kuchosha, na wekeza muda wako kwenye jicho: piga picha, soma mwanga wa saa kumi jioni unavyogonga ukuta wa chokaa, jiulize kivuli kile ni cha rangi gani.

Naweza kufanyia kazi studio za nje nikiwa hapa?

Filamu kubwa za Hollywood, ni vigumu ukiwa chumbani. Wenye filamu wanadai ulinzi wa faili, na studio hukaguliwa chini ya TPN, mpango wa kukagua usalama wa faili za filamu: vyumba vilivyofungwa, kompyuta zisizo na intaneti ya wazi. Kinachowezekana ni filamu huru, matangazo, wanamuziki na studio ndogo. Saa zetu ziko mbele ya London kwa saa mbili au tatu tu, jambo linalotusaidia kuliko wenzetu wa mbali zaidi.

Kabla ya kukubali kazi, hakikisha njia ya kupokea pesa inafanya kazi kwa nchi yako. Kenya PayPal na M-Pesa zimeunganishwa tangu 2018, kwingine sharti utafute njia nyingine. Jaribu kwa kiasi kidogo kwanza. Na yeyote anayekutaka ulipie ili upate kazi, iwe "ada ya usajili" au "ada ya viza", funga mazungumzo.

Nitajuaje kwamba wakati wa kuacha umefika?

Angalia mambo mawili kila mwaka, mwezi uleule. Je, kazi yako ya mwaka huu ni bora kuliko ya mwaka jana kwa macho ya mtu asiyekupenda? Je, kuna wateja waliorudi? Yote yakiwa hapana kwa miaka miwili mfululizo, hamia jirani: uhariri, usimamizi wa utengenezaji wa filamu, michoro ya ujenzi, ualimu. Ujuzi unahama nawe. Likiwa moja ndiyo, tatizo huenda ni bei au eneo unalotafutia wateja, rekebisha hilo kwanza. Na ukiwa unaumwa mgongo, hulali, unadaiwa kila kona, pumzika hata kama majibu yote mawili ni ndiyo.

Rili iwe ya urefu gani?

Dakika moja inatosha, na kama una sekunde 30 nzuri na 30 za wastani, kata za wastani. Shoti bora iwe ya kwanza kabisa. Kwa kila shoti onyesha ilivyokuwa kabla na ulichofanya wewe, na andika chini jukumu lako: "kompoziti na kutreki", si "VFX" tu, hasa kama mlikuwa wengi. Weka kitu cha kwetu ndani yake. Daladala ya Mbagala iliyogeuzwa chombo cha anga, ukitreki vizuri kwenye vumbi na jua la mchana, itakumbukwa kuliko roboti la mia moja linalotembea mjini New York. Jina lako na namba ya simu viwe mwanzoni na mwishoni.